Kombe la Dunia la Mpira wa Kikapu kwa Wanaume: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mashindano haya yakikaribia maswali huwa ni yale yale, na mengi huanza na "mbona kwenye NBA...". Jibu fupi ni kwamba hii si NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Majibu marefu yako hapa chini.

Haya ni mashindano gani hasa?

Ni mashindano ya timu za taifa yanayoandaliwa na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani lenye makao yake Mies, Uswisi. FIBA iliundwa Geneva mwaka 1932 na nchi 8, zikiwemo Argentina, Ugiriki, Italia na Uswisi yenyewe. Hadi 2010 mashindano yaliitwa Ubingwa wa Dunia. Jina la Kombe la Dunia lilianza kutumika 2014. Bingwa hukabidhiwa Kombe la Naismith, lililopewa jina la James Naismith, mwalimu aliyebuni mchezo huu huko Springfield, Massachusetts, Desemba 1891.

Yalianza lini?

1950, Argentina. Timu 10 zilikutana katika ukumbi wa Luna Park, Buenos Aires, na wenyeji wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Marekani 64-50. Usidhani Marekani ile ilikuwa na nyota: iliwakilishwa na timu ya ridhaa kutoka Denver. Hata ubingwa wao wa kwanza, 1954, uliletwa na timu ya kampuni ya matrekta ya Caterpillar kutoka Peoria. Afrika ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwani Misri walishika nafasi ya tano mwaka ule wa 1950.

Nani wamebeba kombe mara nyingi zaidi?

Hadi 2023 kombe lilikuwa limeshindaniwa mara 19. Marekani wamelibeba mara 5 (1954, 1986, 1994, 2010 na 2014) na Yugoslavia mara 5 (1970, 1978, 1990, 1998 na 2002). Umoja wa Kisovieti mara 3, Brazil na Hispania mara 2 kila mmoja, Argentina na Ujerumani mara moja moja. Kumbuka kuwa Yugoslavia ya 1998 na 2002 ilikuwa imebaki Serbia na Montenegro tu. Wakroatia na Waslovenia, waliokuwa sehemu ya vikosi vya zamani, walishakwenda zao na bendera zao, na bado waliobaki wakachukua kombe mara mbili mfululizo.

Je, siasa zimewahi kuamua bingwa?

Ndiyo, na waziwazi kabisa. Mwaka 1959 huko Chile, Wasovieti walikuwa wanamfunga kila aliyesimama mbele yao, Marekani wakiwemo, waliolala 62-37. Ikafika zamu ya kucheza na Taiwan, ambayo Moscow haikuitambua kama nchi. Wakagoma kuingia uwanjani. Wakapokonywa nafasi ya ubingwa na Brazil wakapewa kombe. Mashindano yaliyofuata yalipangwa kufanyika Manila, lakini serikali ya Ufilipino ikakataa kutoa viza kwa wachezaji kutoka Yugoslavia. FIBA ikayahamishia Rio de Janeiro, yakachezwa 1963, na Brazil wakashinda tena, safari hii wakiwa nyumbani na bila msaada wa mgomo wa mtu.

Marekani wana wachezaji bora duniani. Mbona hawashindi kila mara?

Hili ndilo swali linaloongoza, na linastahili jibu lenye nyama.

Kwanza, wanaokuja si wale unaowafikiria. Kombe la Dunia huchezwa Agosti na Septemba, wiki chache kabla ya kambi za NBA kufunguliwa. Nyota wakubwa wengi hupumzika na kusubiri Olimpiki. Mwaka 1998 hakuja mchezaji hata mmoja wa NBA kwa sababu ligi ilikuwa na mgogoro wa mikataba.

Pili, timu hukusanywa wiki chache tu kabla ya mashindano, tena karibu kila mara ni watu wapya. Tangu wachezaji wa kulipwa wa NBA waruhusiwe mwaka 1989, timu za Marekani zenye wachezaji hao zilicheza mechi 58 bila kupoteza hata moja. Rekodi hiyo ilivunjwa na Argentina, 87-80, mwaka 2002, tena Indianapolis, mbele ya mashabiki wao wenyewe. Marekani wakamaliza wa sita. Mwaka 2019 nchini China walitolewa na Ufaransa 89-79 kwenye robo fainali wakaishia nafasi ya saba, mbaya kuliko zote katika historia yao. Mwaka 2023 walifungwa na Ujerumani 113-111 kwenye nusu fainali, kisha wakaikosa hata shaba.

Sasa waangalie hao Wajerumani. Kocha Gordon Herbert, ambaye ni Mkanada, aliwaomba wachezaji wake wajitoe kwa majira ya joto matatu mfululizo, siyo moja. Wakapata shaba ya Ulaya 2022, na mwaka uliofuata wakashinda mechi 8 kati ya 8. Kwenye robo fainali dhidi ya Latvia nahodha Dennis Schröder alirusha mara 26 akaingiza 4 tu. Siku kama hiyo humzamisha nahodha wa timu iliyokusanywa juzi. Wenzake wakaibeba mechi, 81-79. Kwenye fainali dhidi ya Serbia Schröder akafunga pointi 28, Ujerumani wakashinda 83-77, na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Hao Serbia nao walifika fainali bila Nikola Jokić, aliyebaki nyumbani kupumzika.

Kipaji kinashinda mechi. Kwenye mashindano ya wiki mbili na ushee, timu inayojuana ina faida ambayo mishahara ya NBA haiinunui.

Timu hufuzuje?

Zamani ilikuwa rahisi: ukifanya vizuri kwenye ubingwa wa bara lako, unakwenda. Kuanzia mashindano ya 2019 FIBA ilileta mfumo wa madirisha, yaani vipindi vifupi vya mechi za kufuzu katikati ya msimu, kama ule wa soka. Timu 80 duniani (32 za Ulaya, na 16 kutoka kila moja ya kanda za Afrika, Amerika, na Asia pamoja na Oceania) hucheza katika madirisha sita yaliyotawanywa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ulaya hupata nafasi 12, Amerika 7, Afrika 5, na zinazobaki ni za Asia na Oceania, wenyeji wakihesabiwa humo ikiwa wanatoka huko.

Kwa Afrika, kuelekea 2023, timu 16 ziligawanywa makundi manne. Tatu za juu za kila kundi zilisonga na kuunda makundi mawili ya timu sita, zikibeba na matokeo yao ya awali. Mbili za juu kila kundi zikafuzu, na mshindi wa tatu aliye bora akachukua nafasi ya tano. Wakati Ulaya wanacheza nyumbani na ugenini, timu za Afrika zilikusanyika kituo kimoja na kumaliza mechi zao ndani ya siku chache, maana kusafirisha kikosi kizima kutoka pembe moja ya bara hadi nyingine kwa mechi moja ni gharama isiyobebeka.

Kasoro ya mfumo huu ni kubwa na haifichiki. Madirisha ya Novemba na Februari huangukia katikati ya msimu wa NBA, na ligi hiyo haiwaachii wachezaji. Slovenia walikuwa mabingwa wa Ulaya 2017, na Kombe la Dunia la 2019 wakalitazama kwenye televisheni. Tena wale wanaoivusha nchi kwenye baridi ya Februari si lazima wawe ndio watakaopanda ndege Agosti. Kocha anawaachaje watu waliomfikisha? Wengi huwaacha.

AfroBasket je? Si ndiyo njia ya kwenda Kombe la Dunia?

Si tena. AfroBasket, iliyoanza Cairo mwaka 1962, ni ubingwa wa Afrika unaojitegemea. Angola ndio wababe wake: ubingwa wa 2025, walioutwaa nyumbani kwa kuwafunga Mali kwenye fainali, ulikuwa wa 12. Lakini kuwa bingwa wa Afrika hakukupi tiketi ya Kombe la Dunia.

Muundo wa mashindano yenyewe ukoje?

Timu 32, makundi 8 ya timu nne nne. Mbili za juu huingia raundi ya pili, yenye makundi manne, na matokeo ya raundi ya kwanza huhesabiwa humo. Kwa hiyo kufungwa siku ya kwanza kunaweza kukugharimu wiki nzima baadaye. Mbili za juu tena hucheza robo fainali, kisha ni mtoano hadi mwisho. Timu zilizoshika mkia kwenye makundi hazirudi nyumbani mara moja. Hucheza kuamua nafasi ya 17 hadi 32.

Ushindi una pointi 2, kufungwa pointi 1, na timu isiyotokea uwanjani hupata sifuri.

Mechi inaweza kwisha sare?

Hapana. Huongezwa dakika 5, na nyingine 5, hadi apatikane mshindi.

Mbona timu inayoongoza kwa pointi 20 bado inapiga mashuti sekunde za mwisho? Si dharau?

Kwenye NBA huonekana utovu wa adabu. Hapa ni hesabu. Timu zikilingana pointi kundini huangaliwa walipokutana wenyewe kwa wenyewe, na zikiwa tatu zilizolingana, tofauti ya vikapu kati yao ndiyo huamua. Kikapu kimoja kisicho na maana leo kinaweza kukupeleka robo fainali keshokutwa.

Sheria za FIBA na za NBA zinatofautiana wapi?

Muda kwanza. Mechi ya FIBA ni dakika 40, robo nne za dakika 10. NBA ni 48. Mchezaji hutolewa kwa faulo 5, si 6, na faulo ya kiufundi nayo huingia kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana nyota akipata faulo mbili mapema, kocha wa FIBA humkalisha benchi haraka, na mashabiki waliozoea NBA hubaki wakishangaa.

Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kwenye ringi, huku wa NBA ukiwa mita 7.24. Kwa mpigaji mzuri hiyo ni nusu mita ya bure. Muda wa mapumziko huombwa na kocha peke yake. Mchezaji aliyebanwa kwenye kona hawezi kujiokoa kwa kuonyesha ishara kwa refa.

Tofauti mbili zinabadilisha mchezo kuliko zote. Ya kwanza ni chini ya ringi. NBA inamkataza mlinzi kukaa kwenye eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde tatu kama hana mtu wa karibu anayemkaba. FIBA haina katazo hilo kwa mlinzi. Jitu kama Rudy Gobert wa Ufaransa au Edy Tavares wa Cape Verde anaweza kujenga nyumba yake pale chini, na anayekuja kasi akitafuta kudunki hukuta mlango umefungwa. Ya pili ni juu ya ringi. Mpira uliorushwa ukishagusa ringi, FIBA inaruhusu mtu yeyote aupige au ausukumie ndani, hata ukiwa bado unazunguka juu ya chuma. Kwenye NBA hilo ni kosa. Mtazame mchezaji wa NBA katika mechi zake za kwanza: mpira unacheza juu ya ringi, yeye mikono chini anasubiri, Mserbia anaruka na kuufagia.

Kwa nini kwenye video za zamani jezi zote ni namba 4 hadi 15?

Kwa sababu ndivyo sheria ilivyotaka. Kikosi ni wachezaji 12, na refa huonyesha namba ya aliyefanya faulo kwa vidole mbele ya meza ya waamuzi. Vidole 1, 2 na 3 vina kazi nyingine, kama vile idadi ya mitupo huru au thamani ya kikapu, hivyo namba hizo ziliepukwa. Sheria ililegezwa 2014 na sasa utaona hadi namba 99.

Mchezaji aliyepewa uraia anaruhusiwa kucheza?

Anaruhusiwa, lakini mmoja tu kwa kila timu. Kipimo cha FIBA ni umri wa miaka 16: aliyepata uraia kabla ya hapo huhesabiwa kama mwenyeji, aliyeupata baadaye hukalia ile nafasi moja. Jordan Clarkson aliichezea Ufilipino 2023 kwa nafasi hiyo ingawa mama yake ana asili ya Ufilipino, jambo lililowauma sana mashabiki wa huko. Sudan Kusini walimtumia Carlik Jones, Mmarekani aliyekuwa moyo wa mashambulizi yao. Binafsi naona kikomo cha mmoja ni cha haki. Bila hicho, nchi yenye fedha ingenunua kikosi kizima.

Timu za Afrika zimefika wapi?

Nafasi ya tano ya Misri 1950 haijapitwa, ingawa tukubaliane kwamba kuwa wa tano kati ya timu 10 si sawa na kuwa wa tano kati ya 32. Kwa zama za karibuni, Angola na Nigeria walifika hatua ya timu 16 mwaka 2006, Angola wakarudia 2010, na Senegali 2014.

Hadithi iliyotamba zaidi ni ya Sudan Kusini. Nchi yenyewe ilipata uhuru 2011 na kujiunga na FIBA 2013. Haikuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wa kuchezea. Luol Deng, aliyekuwa nyota wa Chicago Bulls, akachukua urais wa shirikisho na kuingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe kulipia kambi. Kwenye kufuzu walicheza mechi 12 wakapoteza moja. Mwaka 2023, mara yao ya kwanza kabisa, walifungwa na Puerto Rico kwenye muda wa nyongeza, wakachapwa na Serbia, lakini wakawatandika China 89-69, wenyeji Ufilipino 87-68 na Angola 101-78. Wakawa timu bora ya Afrika na kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Huko walipigiwa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wao kabla ya mechi ya kwanza. Wakasubiri wimbo sahihi upigwe, kisha wakaifunga Puerto Rico ile ile, 90-79.

Cape Verde pia walicheza kwa mara ya kwanza 2023, nchi yenye watu wasiofika 600,000, na walipata ushindi dhidi ya Venezuela.

Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwahi kufuzu katika mashindano yote 19 ya kwanza. Haina maana kwamba haziwezi kusumbua: Februari 2021, kwenye mechi ya kufuzu AfroBasket, Kenya waliwafunga Angola 74-73 kwa kikapu cha Tylor Ongwae mechi ikiwa inakwisha.

Niliona mchezaji akikosa mtupo huru makusudi. Kwa nini?

Huenda ulimwona Mikal Bridges wa Marekani, mechi ya kuwania shaba 2023 dhidi ya Kanada. Zilibaki sekunde chache, Marekani wako nyuma 111-107, na Bridges ana mitupo huru miwili. Akiingiza yote miwili wanabaki nyuma kwa pointi 2 na mpira unakwenda kwa Kanada. Mechi imekwisha. Kwa hiyo aliingiza wa kwanza, 111-108, na wa pili akaugonga kwenye ringi kwa nguvu. Lazima uguse ringi, vinginevyo ni kosa na mpira unapotea. Ulipodunda akauwahi mwenyewe, akakimbilia kona, akarusha pointi tatu ikiwa imebaki chini ya sekunde moja. Ukaingia. 111-111.

Kanada wakashinda muda wa nyongeza, 127-118, Dillon Brooks akimaliza na pointi 39. Ilikuwa medali yao ya kwanza katika Kombe la Dunia.

Kuna uhusiano na Olimpiki?

Upo. Kombe la Dunia la 2023 lilitoa tiketi 7 za moja kwa moja za Paris 2024: mbili za Ulaya, mbili za Amerika, na moja moja kwa Afrika, Asia na Oceania. Hii ndiyo sababu utaona timu mbili za Afrika zilizokwisha kutolewa zikipigania nafasi ya 17 kana kwamba ni fainali.

Mbona hakukuwa na mashindano 2018?

Yalikuwa yakichezwa mwaka mmoja na Kombe la Dunia la soka, na nani atashindana na hilo? FIBA ikasogeza mwaka mmoja mbele, ndiyo maana kutoka 2014 tuliruka hadi 2019.

Yanayofuata ni lini na wapi?

Qatar, kuanzia 27 Agosti hadi 12 Septemba 2027, mechi zote zikiwa Doha. Ni kinyume kabisa na 2023, ambapo kwa mara ya kwanza nchi tatu ziligawana uenyeji: Ufilipino, Japani na Indonesia. Sina hakika mashabiki watapata tena kelele kama za Ufilipino. Mechi yao ya ufunguzi ilitazamwa ukumbini na watu 38,115, rekodi ya mashindano haya.

Wanawake wana la kwao?

Wanalo, Kombe la Dunia la Wanawake, lenye ratiba yake tofauti na la wanaume. Lina ukurasa wake.

Nikitaka kutazama mechi za zamani nianze na ipi?

Nusu fainali ya 2006 kule Saitama, Ugiriki 101, Marekani 95. Marekani walikuwa na LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Ugiriki hawakuwa na mchezaji hata mmoja wa NBA siku ile. Walichofanya ni mchezo mmoja tu, tena na tena: mrefu anasimama kumzibia njia mlinzi, anageuka kuelekea ringini, na Theodoros Papaloukas anampa pasi. Marekani hawakupata dawa dakika zote 40. Siku mbili baadaye Ugiriki hao hao walipigwa 70-47 na Hispania iliyokosa Pau Gasol aliyeumia mguu, kwa hiyo fainali hiyo itazame ukipenda ulinzi.

Baada ya hapo, fainali ya 2002, Yugoslavia na Argentina, iliyokwenda muda wa nyongeza. Waargentina bado wanadai walinyimwa faulo mwishoni. Ya 2014 unaweza kuiruka. Serbia waliwaongoza Marekani 15-7, na robo ya kwanza ilipokwisha walikuwa nyuma 35-21.